Cheti cha Kumi na Tatu

Waliagiza vyeti kumi na viwili,
karatasi ngumu, ukingo wa dhahabu,
na mimi, kwa kuwa nina mwandiko,
nikakabidhiwa wino mweusi na orodha:
daktari wa kifua, mwalimu mkuu, afisa biashara,
mheshimiwa aliyezindua bango
lenye pafu jeusi, pale njia ya Pasua.
"Kwa kutambua mchango wake
katika kupunguza matumizi ya tumbaku."
Mara kumi na mbili niliipinda ile K kubwa
mpaka kidole cha kati kikaota sugu.

Siwasengenyi. Daktari yule namjua:
alinisikiliza mgongo kwa chuma baridi,
akasema, "Hesabu pumzi, Aminieli, usihesabu paketi."
Nikaacha, nikarudia, nikaacha.
Mara ya tatu nilizika kiberiti kwenye chungu cha maua,
usiku nikakifukua kwa kijiko.
Sasa ni mwaka na miezi minne. Sijisifu.
Bado naota natafuta moto.

Lakini mpiga chapa alitoa kumi na tatu,
kimoja cha akiba, mkono ukikosea.
Mkono haukukosea.

Basi niseme habari za dirisha la Mama Ndeanasia:
nondo sita, wavu wa kuku, tundu la kupitishia mkate,
na pembeni kamba ya katani
iliyofunga kiberiti cha gesi shingoni kama mbuzi.
Ununue moja, uwashe hapo hapo, uende.
Ndizo zilizolipa umeme.
Sukari humwagika, mkate huota ukungu,
sigara haiozi, haidai friji,
na mteja wake hurudi kiti hakijapoa.

Jumatano moja akaja mtoto wa darasa la sita,
soksi moja juu, moja chini,
akanyoosha mia tatu:
"Nipe moja ya baba."
Mama akashika kopo,
mkono ukagoma.
Ya baba yupi?
Maana babake Kundaeli, mwaka juzi, kule Rau,
ni yeye aliyemmenyea ndizi za matanga,
mkungu juu ya mkungu, mpaka kucha zikawa nyeusi.

Hakumpiga. Hakumpigia kelele.
Alimpa kitumbua, akamrudishia mia tatu yake,
akafunga dirisha saa tano mchana,
jambo ambalo hata siku ya sensa hakulifanya.
Jioni lile kopo lilikuwa na karanga.

Hapakuwa na maturubai, wala kipaza sauti.
Vijana wa bodaboda walimnunia,
wakahamia kwa Mshana, hatua arobaini.
Aliuza jogoo. Aliuza cherehani.
Mji wetu ni Moshi, utani huo tumeuchoka,
ila asubuhi zile, mbele ya dirisha lake,
ni Kibo peke yake aliyevuta wingu.

Nikaandika jina lake usiku, herufi kwa herufi,
bila muhuri, bila saini ya mkubwa yeyote.
Nikampelekea.
Alikisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari,
akauliza kama wino unatoka ukilowa,
kisha akakitandika chini ya kopo la karanga,
chumvi isigande kwenye ubao.

Nilitaka kununa.
Ndipo nikaiona kamba. Bado ipo.
Ncha yake sasa imefunga kalamu ya bluu
ya kusainia daftari la madeni.
Nikaivuta:
mwaka na miezi minne, sijavuta kitu dirishani pale.
Aminieli, nikaandika, mkate mmoja,
karanga za mia tano, nitalipa Ijumaa.

"Mwandiko ule ule," akasema,
"usinipunguzie."